Nusu Gunia la Mkaa

Teksi iliniacha kwenye kona ambayo dereva aliapa kuwa ndiyo yenyewe. Alinyoosha kidevu kuelekea barabara tatu za vumbi zilizofanana, akasema, "Katuba njo hapa," akaondoka kabla sijauliza ni ipi kati ya hizo tatu. Nilikuwa nimevuka mpaka wa kuingia Kongo pale Mokambo siku iliyotangulia, nikiwa na begi moja na kipande cha karatasi chenye anwani ya nyumba niliyoipanga kwa miezi mitatu bila kuiona. Namba ya nyumba haikunisaidia. Kila lango lilikuwa na namba mbili au tatu, mpya ikiwa imepakwa juu ya ile ya zamani, na kila familia ilikuwa imechagua iliyoipenda.

Mwanamke aliyekuwa akikaanga vitumbua mbele ya lango lake aliniona nikipita, akaniona nikirudi. Mara ya tatu hakungoja.

"Unatafuta kwa Mama Jeanne," alisema. Halikuwa swali.

"Nimeambiwa amehama."

"Amehama?" Aligeuza vitumbua vyake kimoja kimoja kwa kijiti. "Miye aliniambia anaenda juzi. Mwenye nyumba, alimwambia Jumatatu. Mutoto wake mwenyewe, alimwambia wiki ingine. Sasa weye, nani alikuambia ni leo?"

"Laurent, yule dalali."

"Laurent!" Alicheka hadi akaweka kijiti chini. "Basi enda, gonga. Lakini simama fasi anaweza kuona miguu yako."

Lango la Mama Jeanne lilikuwa la bati, na chini yake kulikuwa na uwazi wa kama shubiri moja. Niligonga. Nikasikia mtu akichuchumaa upande wa ndani, magoti yakilia, kisha kimya kirefu ambapo viatu vyangu vilikuwa vikikaguliwa. Mwishowe lango lilifunguka kiasi cha jicho moja.

"Nani alikutuma?"

Nilitaja jina la Laurent tena. Nikasema kwamba mimi ndiye mpangaji mpya, kwamba nimetoka mbali, kwamba naweza kungoja nje.

"David njo alikutuma?"

"David ni nani?"

"Kama haumujue, muzuri. Kama unamujua, mwambie hapa hakuna kitu." Kisha akachungulia juu ya bega langu, kule kwenye moshi wa vitumbua. "Ingia. Bantu banaangalia."

Jeanne Chomba alikuwa na miaka sitini na tatu. Mfupi, mabega mapana, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu. Mara lango lilipofungwa, alionyesha begi langu na kusema neno moja: "Fungua."

Nimepekuliwa kwenye mipaka mingi, na sijakutana na ofisa aliyeweza kazi ile kama yeye. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja kwenye mishono. Alipapasa ncha za viatu kwa ndani, akapima kopo la kahawa kwenye kiganja, akalinusa, akanitolea wembe niliokuwa nimeusahau tangu Ndola. Kisha akarudisha kila kitu mahali pake, kwa mpangilio mzuri kuliko wangu.

"Bantu ba douane banapekuaka kama kuku," alisema. "Banatawanya tu. Habajue kupima."

Yeye alijua kwa sababu aliwakwepa hao wa forodha kwa miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa Pweto, juu kabisa ya ziwa Mweru, ambako baba yake alinunua samaki wakavu na kuwauza huku mjini. Aliolewa na fundi wa reli, akaletwa Lubumbashi, na huko akaanza kwenda Mokambo kila wiki kuleta sukari, mafuta, mabeseni, na hasa vitenge. Kitenge kizuri hakupita nacho kichwani kama wengine. Alikilaza katikati ya gunia la mkaa, akalikokota hadi mbele ya maofisa, akawaomba wamsaidie kulinyanyua. Hakuna aliyetaka kuchafua shati lake. Na siku ya safari hakumwambia mtu. Mumewe, alipokuwa hai bado, aliambiwa Jumanne; Mama Jeanne aliondoka Alhamisi.

Hayo alinisimulia mwenyewe, kwa vipande, huku akinipa vitu nibebe na kunifuata kwa macho hadi nivitue. Kwa nini anahama hakusema. Hilo nililisikia kwa binti yake, Chancelvie, tulipokuwa tukiviringisha godoro chumba cha nyuma. Chancelvie aliuza katika duka la dawa mjini na aliishi na mumewe upande wa Ruashi. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja, akiamini safari ni wiki ijayo na kwamba leo ni kufunga tu.

"Usikasirike, tonton," aliniambia, yaani mjomba. "Miye mwenyewe ananipekuaka."

"David ni nani?"

Alitazama mlango kwanza. David alikuwa kaka wa Mama Jeanne kwa baba, mtoto wa mke mwingine. Alikaa Pweto, katika kiwanja cha baba yao, na alikuwa ameshakata vipande viwili vya ardhi na kuviuza. Kila alipoulizwa alisema kwamba kiwanja hakina karatasi na hakikuwahi kuwa nayo. Lakini karatasi ilikuwapo: moja tu, yenye muhuri, jina la mzee juu na jina la Mama Jeanne chini yake. Magoti yake yalikuwa yamekataa Mokambo. Alitaka kuzeekea nyumbani kwao.

"Akifika nayo, iko kwao," Chancelvie alisema. "Akifika bila karatasi, iko mugeni wa David. Atalala fasi David anapenda."

"Na karatasi iko wapi?"

"Sijue. Na usiniulize, tonton. Siku nitajua, njo siku ataanza kunishuku kabisa." Alikaza kamba ya godoro. "Anasema David iko na macho hapa avenue. Mwezi mmoja ni Laurent. Mwezi ingine ni Mama Lydie, ule wa vitumbua, juu anakaaka kwenye lango tangu asubuhi. Leo ni weye."

Kufunga mizigo kwa Mama Jeanne kulikuwa kazi ya kumdanganya mtu asiyekuwapo. Sahani nzuri zilizungushiwa sketi zilizochanika. Sufuria za arusi zilizikwa ndani ya vitunguu. Sanduku moja tu lilikuwa na kufuli, kubwa la shaba, na ndani yake mlikuwa na matambara. "Mwizi anapendaka kufuli," alisema, na kwa mara ya kwanza niliona meno yake. Kila furushi lilifungwa uzi mwekundu, kwa fundo alilolijua yeye peke yake, ili lori likisimama Kilwa, ile ya ziwa Mweru, kujazwa upepo matairi, aweze kupita na kidole na kujua nani amefungua nini. Juu ya kila furushi aliweka kitu ambacho pua au mkono wa mtu hautaki: viatu vikuukuu, vichwa vya samaki, ndoo ya mafuta machafu.

Saa sita Laurent alikuja kuchukua ufunguo. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani ya jua na simu mbili. Mama Jeanne hakumpa.

"Nitapeleka mwenyewe kwa mwenye nyumba."

"Mama, mimi njo ninapokeaka."

"Nimesema nitapeleka. Weye utanitangulia. Mbele yangu, si nyuma."

Wakaondoka hivyo, Laurent mbele kama mtuhumiwa, yeye nyuma na ufunguo ndani ya ngumi.

Hapo Chancelvie, aliyekuwa ameanza kuhisi kwamba huenda safari ni leo, alifanya jambo la adabu. Katika barabara ile anayehama haondoki na mkaa wake. Mkaa uliobaki jikoni, pamoja na ufagio, huachiwa jirani wa karibu. Ukienda nao, wanasema, umebeba moto wa nyumba uliyoiacha na magomvi yake yote, na utaviwasha huko uendako. Nyuma ya nyumba kulikuwa na nusu gunia.

"Mama mwenyewe alinifunza hii, nikiwa mudogo," alisema. "Nishikie huku, tonton."

Nilishika upande mmoja. Tulilivusha hadi kwa Mama Lydie, ambaye alifuta mikono, akapokea kwa mikono miwili, akashukuru mara tatu na kutuuliza kama ni kweli basi, safari ni leo. Chancelvie alisema hajui. Tulirudi na mikono myeusi na vitumbua vinne.

Lori la Guelor lilifika saa nane kasorobo, likitanguliwa na harufu yake. Guelor alishusha samaki wa Pweto sokoni kila wiki na kurudi juu na chochote alichopata: saruji, bia, na leo nyumba ya mtu. Ndipo Chancelvie alipojua kwa hakika kuwa siku imefika. Alifunga kitenge chake upya na kuanza kubeba. Tulipandisha vitanda, meza, godoro, mafurushi. Mama Jeanne alirudi kutoka kwa mwenye nyumba, Laurent bado akiwa mbele yake, akasimama karibu na tela na kuyapitia mafurushi kwa kidole, akinong'ona. Kidole kikasimama: nusu gunia la mkaa halikuwapo.

"Makala iko wapi?"

Guelor alikuwa juu, akikaza kamba. "Mama Jeanne, unapeleka makala Pweto? Kule pori yote ni makala! Utapeleka na maji ya ziwa pia?"

Wapakizi wa lori walicheka. Mama Jeanne hakucheka.

"Niliipatia Mama Lydie," Chancelvie alisema. "Na ufagio. Vile ulinifunza."

Sijawahi kuona uso ukifungwa kama ule. Alimtazama binti yake, akanitazama mimi na mikono yangu, na nikakumbuka vitenge vya Mokambo, vilivyolala katikati ya gunia. Chancelvie alikumbuka wakati uleule. Aliweka mkono mdomoni, ukamwachia alama nyeusi shavuni.

Mama Jeanne alikuwa ameshaanza kwenda. Tulimfuata. Mbele ya lango la Mama Lydie mbabula, jiko lake la mkaa, ilikuwa imejaa mkaa unaong'aa, mwekundu hadi chini, na mafuta yakichemka juu yake. Aliutazama moto ule kama mtu anayejaribu kusoma.

"Lydie, dada. Ile makala."

"Ilifika, dada. Aksanti sana."

"Ninaitaka."

Mafuta yalichemka. "Unaitaka juu ya nini?"

"Ya kupikia njiani."

"Njiani! Guelor anasimamaka kupika?"

"Makala yangu ni yangu."

Mama Lydie alisimama. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani, na sauti yake sasa haikuwa ya mteja mmoja. "Miaka kumi na moja tuko bajirani. Nilikuazima kisu, uliniazima sufuria. Siku nilirudisha sufuria, ulihesabu mifuniko yako yote mbele yangu. Nilinyamaza. Mutoto wangu alipoanguka mu yadi yako, ulimuangalia mifuko mbele ya kumuangalia goti. Nilinyamaza. Leo sinyamaze. Uliweka nini mu ile makala?"

"Umefungua?" Mama Jeanne aliuliza, na sauti ilitoka kidogo.

"Nifungue? Na mikono yangu?" Aligeukia barabara, ambako watu walikuwa wameshaanza kusogea. "Bantu, sikieni. Ninamimina makala, kunatoka kintu cheusi, kimefungwa na uzi mwekundu, mafundo saba. Saba, nimehesabu! Mu makala ya muntu anayehama, anamwachia jirani! Miye niite hiyo nini?"

Hakuna aliyelitamka neno uchawi. Mwanamke mmoja alivuta kiti chake nyuma. Laurent alivua miwani. Hata Guelor, aliyekuwa ametufuata akitafuna, aliacha kutafuna.

Kitu chenyewe kilikuwa ndani ya yadi, kikaonekana kupitia lango lililo wazi: beseni la bluu lililofunikwa kifudifudi, chumvi imemwagwa kuzunguka, na rozari juu yake. Nusu gunia lilisimama pembeni, mdomo wazi. Mama Lydie alikuwa ametuma watu kwa katekista Adalbert. Angekuja saa tisa akitoka kazini, aombe, na baada ya maombi wamwage mafuta ya taa juu ya vyote pamoja, kitu na mkaa, visibaki.

Saa tisa ilikuwa bado dakika ishirini.

"Ni karatasi," Mama Jeanne alisema.

"Karatasi ya nini?"

Alitazama nyuso zetu. Laurent na simu zake mbili. Mimi niliyefika asubuhi. Guelor, ambaye kila wiki hunywa bia Pweto na watu ambao Mama Jeanne hakuwajua. Wapakizi. Binti yake. Kwa miaka mingi alikuwa amemficha kila mtu jambo hili moja, na sasa hao wote walikuwa wamesimama mahali pamoja, wakingoja.

"Ya parcelle," alisema kwa sauti ya chini, yaani ya kiwanja.

"Sisikie."

"Ya parcelle ya baba yangu! Ya Pweto! Unasikia sasa?"

Nadhani hadi nyumba ya kumi walisikia. Mama Lydie hakulegea. Alitoka kwenye lango na kumpa njia, lakini mkono wake ulibaki kwenye bati. "Basi fungua weye mwenyewe. Hapa, mbele ya bantu bote. Kama ni karatasi, tuone karatasi. Kama haiko karatasi, hautapanda ule lori."

Mama Jeanne angeweza kukinyakua kitu kile na kukimbia; kwa dakika moja nilidhani atafanya hivyo. Lakini wanawake walikuwa wameshaziba lango, na magoti yake aliyajua. Alichuchumaa. Alichukua rozari, akaibusu, akamkabidhi mwenyewe bila kumtazama. Alifagia chumvi kwa kiganja, akafunua beseni. Furushi lilikuwa dogo kuliko maneno yote yale, kama mkate mmoja. Mafundo aliyafungua kwa meno, moja baada ya jingine, hadi la saba. Ndani mlikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko, mfuko mwingine. Kisha kipande cha shati la mistari, shati la mwanamume wa zamani. Ndani ya shati, karatasi iliyokunjwa mara nne, njano kwenye mikunjo, muhuri wake umefifia hadi rangi ya chai.

Aliinyanyua watu waione. Kidole gumba chake kilifunika namba ya kiwanja.

Chancelvie ndiye aliyesoma, kwa sauti ya mtoto wa shule. Jina la babu yake. Chini yake: Chomba Jeanne. Alisoma jina la mama yake mara mbili.

Mama Lydie alisogea hadi karatasi ikamgusa pua. Alichukua muda wake. "Kweli," alisema mwishowe. "Ni karatasi." Kisha, "Dada, miye nilifikiri unaniachia kifo."

"Na miye nilifikiri weye njo macho ya David."

"David gani?"

Mama Jeanne alimtazama kwa namna aliyovitazama viatu vyangu asubuhi, akatafuta kitu usoni pake na, kama sikosei, hakukipata. Alikunja karatasi, akairudisha ndani ya shati, na shati akalitia kifuani, chini ya blauzi, mahali ambapo nadhani haikuwahi kukaa hata siku moja.

Hawakukumbatiana. Mama Lydie alifunga vitumbua kumi katika gazeti na kumpa kwa ajili ya njia. Mama Jeanne alipokea, akapima uzito kwenye kiganja, halafu mkono wake, peke yake, ukafungua gazeti na kuchungulia.

"Angalia tu," Mama Lydie alisema. "Hesabu pia. Ni kumi."

Watu walicheka, na kicheko kilikuwa na baridi kidogo, kwa sababu wengi wao wasingekula kitu kutoka kwa mtu waliyetoka kugombana naye hivyo. Mama Jeanne aliwaacha wacheke. Kisha akachukua kimoja, akakiuma mbele yetu wote, akatafuna polepole huku akimtazama jirani yake machoni, akameza. Akala na kipande kilichobaki. Mama Lydie aliitikia kwa kichwa, mara moja.

Chancelvie alimsukuma mama yake kupanda, akalia kidogo kwenye mlango wa lori, akaambiwa asilie mbele ya bantu. Mama Jeanne alitoa kichwa dirishani.

"Tutalala Kasomeno!" alitangaza kwa barabara nzima. "Kesho kutwa tutaingia kwa mchana, kwa barabara ya sokoni!"

Halafu akarudisha kichwa ndani, akamwinamia Guelor na kumwambia kitu sikioni. Guelor alimtazama, akatikisa kichwa, akawasha injini. Lori lililofika likiwa limeelekea kaskazini lilipiga mlio, likarudi nyuma, likageuka na kushika njia ya upande mwingine.

Laurent alinipa ufunguo, aliokabidhiwa na mwenye nyumba. Mama Lydie alikokota nusu gunia hadi miguuni pangu, akilishika kwa ncha za vidole.

"Beba, mugeni. Miye sipike na ile."

Nililibeba hadi nyuma ya nyumba tupu, likaacha michirizi kwenye sakafu iliyofagiwa. Lori lilikuwa bado linasikika, likipunguza mwendo kwenye kona, na mimi nilikuwa nimeshapiga magoti, mkono ndani ya gunia hadi kiwiko, nikipapasa kama kuna kingine.